Nimlipe staa atangaze siagi yangu ya karanga?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro mjini, natengeneza siagi ya karanga, huu ni mwaka wa tatu. Nauza kama makopo 400 kwa mwezi, mengi kwenye maduka ya mtaani. Kuna kijana anasema nikimpa milioni moja na nusu ataongea na staa wa Bongo Fleva aniposti mara mbili Instagram. Maneno ameshayaandika: siagi yangu inaongeza akili kwa watoto na inaongeza damu. Mume wangu anasema biashara matangazo, nilipe tu. Mama mkwe anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi mwenyewe sijawahi kununua kitu kwa sababu ya tangazo, ndiyo maana nasita. Hivi matangazo yanabadilisha akili za watu kweli, au tunatupa hela? Picha ya kopo nimeambatanisha. Mama Siagi."

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa roho juu: usimlipe. Angalau si sasa, na si kwa hayo maneno aliyoandika. Ila sababu yako ya kusita siyo yenyewe, na mama mkwe naye ana nusu tu ya ukweli.

Unasema hujawahi kununua kitu kwa sababu ya tangazo. Karibu kila mtu husema hivyo, hata wanaolipwa kutengeneza matangazo. Mwaka 1983 Mmarekani W. Phillips Davison aliandika juu ya tabia hii: mtu huamini kwamba vyombo vya habari na matangazo huwaathiri wenzake kuliko yeye. Sasa ingia jikoni kwako. Tazama sabuni ya unga, majani ya chai, kiberiti, dawa ya mswaki. Siku ya kwanza kununua kila kimoja hukusema "nimeshawishiwa". Ulisema "hii naijua". Hapo ndipo tangazo lilipofanyia kazi, na lilishaondoka zamani kabla hujafungua pochi.

Watu wengi wakisikia habari ya tangazo na akili hufikiria kitu kama uchawi, kwamba kuna maneno ukiyapanga vizuri mteja anapoteza hiari. Uvumi huo una baba yake. Mwaka 1957 James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika kwenye pazia maneno ya kuwahimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuyasoma, na mauzo yakapanda. Dunia ikataharuki. Miaka mitano baadaye akakiri kwamba hakuwa na takwimu za maana; ilikuwa mbinu ya kuinua ofisi yake iliyokuwa ikiyumba. Hadi leo kisa hicho kinasimuliwa kwenye semina za ujasiriamali kana kwamba ni sayansi, na wanaokisimulia huwa wana huduma ya kukuuzia.

Kinachofanya kazi kweli ni cha kawaida mno kiasi kwamba hakiuziki semina: kurudiarudia. Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akionyeshwa kitu mara nyingi huanza kukipenda, hata kama hakuambiwa chochote kizuri juu yake. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye magazeti ya wanafunzi wa vyuo viwili: walitoa maneno yasiyo na maana kwa wasomaji, kama "kadirga" na "nansoma", bila maelezo yoyote, mengine mara chache na mengine mara nyingi. Kisha wakawauliza wasomaji wakadirie kila neno lina maana nzuri au mbaya. Yale yaliyotokea mara nyingi yalidhaniwa kuwa na maana nzuri zaidi. Kwenye chuo cha pili maneno yalibadilishana zamu, na matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 1977 watafiti wengine wakaonyesha kwamba hata sentensi ya madai, ikirudiwa, watu huiona ya kweli zaidi kuliko walipoisikia mara ya kwanza. Hili la pili linanitia wasiwasi kidogo, na nitalirudia kwenye hayo maneno ya akili na damu.

Ladha yenyewe haiko salama. Mwaka 2004 watafiti wa Houston walichapisha jaribio la kuwanywesha watu Coca-Cola na Pepsi wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliokunywa bila kujua ni ipi waligawanyika. Walipojua ni Coca-Cola, mapenzi yao yakaelemea huko, na kopo lake lilipoonyeshwa kabla ya kunywa, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zikaamka. Kopo la Pepsi halikufanya hivyo. Kilichokuwa kinaongeza utamu ni kumbukumbu za miaka na miaka za kuiona chapa hiyo kwenye sherehe, mipira na mabango, na kumbukumbu hizo zililipiwa.

Kwa hiyo ndiyo, matangazo hugusa akili. Lakini nguvu yake kwa siku moja ni ndogo. Andrew Ehrenberg wa Uingereza, aliyekaa miaka mingi akichambua kumbukumbu za manunuzi halisi ya familia, aliandika mwaka 1974 kwamba tangazo mara nyingi halimgeuzi mtu. Humkumbusha, humsukuma kidogo, humthibitishia aliyekwisha kununua kwamba hakukosea. Mimi nakubaliana naye, hasa kwa bidhaa za bei ya chini zinazonunuliwa mara kwa mara, kama yako. Kuposti mara mbili kwa staa siyo kurudiarudia. Ni kupiga kelele mara mbili kwenye uwanja uliojaa watu, wengi wao wakiwa Dar, Nairobi, Lubumbashi na Muscat, ambako kopo lako halipo.

Sasa twende dukani, kwa sababu kwa biashara yako mambo yote yanaamuliwa pale.

Vitabu vingi vya masoko vimeandikwa kwa ajili ya supamaketi. Kule mteja anatembea katikati ya rafu, anashika, anageuza, anasoma, anarudisha. Jicho ndilo linalochagua. Kwa mangi, yaani mwenye duka la mtaani, hakuna hiyo. Mteja anasimama nje ya wavu au nondo, bidhaa ziko mita mbili ndani, balbu moja inawaka, nyuma yake kuna mtoto anayesubiri vocha. Lazima aseme jina. Asiposema jina, anasema aina: "Nipe siagi ya karanga." Na akisema aina, mangi ndiye anayechagua chapa. Anachukua iliyo karibu na mkono wake, au inayompa faida kubwa, au ile aliyoikopa na anataka iishe ili amlipe mwenyewe.

Umewahi kusikia mtu akisema "nipe Colgate", mangi akamuuliza ipi, naye akajibu "Whitedent"? Chapa moja iliingia vichwani kwa kina hadi ikawa jina la dawa ya mswaki zote. Unaweza kudhani ni ushindi mtupu kwa Colgate, ila angalia vizuri: mteja kataja jina la mmoja na hela imekwenda kwa mwingine. Kujulikana peke yake hakuingizi shilingi mfukoni. Kunaingiza pale tu mteja anapokukumbuka, anaweza kukutaja, na kitu kipo.

Nimetazama picha ya kopo lako. Jina ni la Kiingereza, maneno manne, kwa herufi nyembamba za dhahabu juu ya karatasi ya kahawia. Ni zuri, sikatai. Lakini hakuna mtu wa Kihonda atakayesimama kwenye dirisha la mangi saa mbili usiku akayatamka maneno manne ya Kiingereza mbele za watu. Atasema "ile siagi ya karanga ya kifuniko cha njano". Nadhani wanasema hivyo tayari. Waulize wenye maduka wako, ukinikuta nimekosea unijulishe. Kama ni kweli, basi chapa yako siyo yale maneno manne. Ni kifuniko cha njano. Usikibadilishe kamwe, hata muuza vifungashio akikwambia njano zimeisha zipo nyekundu. Tafuta jina fupi la Kiswahili la neno moja, lisilomshinda mtu kutamka, na uliandike kubwa kiasi cha kusomeka kutoka nje ya wavu. Jaribu mwenyewe: mpe jirani kopo, simameni mita mbili usiku chini ya taa ya kawaida, umwambie asome. Kabla ya kusajili jina, hakikisha BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) kwamba halijachukuliwa.

Hii siyo fikra ya kisasa. Wafanyabiashara wa kanga Mombasa waliielewa kabla ya redio haijafika pwani. Kaderdina Hajee Essak, aliyekuwa akijulikana kwa jina la Abdulla, alichapisha kwenye kanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Mnunuzi aliyeona maneno hayo kwenye pindo alijua anaponunulia.

Kuhusu mama mkwe. Mpe heshima yake, kwa maana kizuri chajiuza kweli pale ambapo kila mnunuzi anamjua muuzaji na ameshaonja. Sokoni kijijini mama mwenye maandazi mazuri hahitaji bango. Mji ukishakuwa na wageni wengi kuliko wenyeji, uzuri wa kitu hauonekani mpaka kinunuliwe mara ya kwanza, na hapo ndipo tangazo lina kazi. Mchumi Phillip Nelson alieleza jambo hili miaka ya 1970: bidhaa ambayo huijui mpaka uitumie humtaka muuzaji atumie hela kujitangaza, na anayejua kwamba mteja hatarudi hana sababu ya kutumia nyingi, kwa sababu faida yake iko kwenye kurudi kwa mteja. Mnunuzi naye analihisi hilo bila kusoma uchumi. Ndiyo maana anayejitembeza kwa vurugu wiki moja kisha akapotea tunamshuku.

Na mumeo naye ana hoja, ila biashara matangazo inahitaji kitu nyuma yake. Chukua M-Pesa. Safaricom ilipoianzisha Kenya mwezi Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa mfupi kupita kiasi: tuma pesa nyumbani. Huduma ile ingeweza kutangazwa kwa mambo kumi, lakini walichagua moja ambalo kila mfanyakazi wa mjini alikuwa nalo kichwani tayari mwisho wa mwezi, wakati huo akimtafuta kondakta wa basi ampelekee mama bahasha. Hawakuunda hamu mpya. Waliikuta, wakaiandikia jina. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaoiga hushindwa, wakatafuta mawakala na maduka yakapakwa rangi, ili mtu aliyesikia redio asubuhi akute mlango jioni. Duka lililopakwa rangi lilikuwa tangazo na huduma kwa wakati mmoja. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008 ilibidi nayo ijenge mtandao wake wa mawakala; tangazo peke yake lisingetosha.

Wewe mama, staa akiposti leo saa kumi, na mtu wa Mazimbu akaipenda siagi yako, anakwenda wapi? Kama jibu lako ni "anaandika inboksi", umeshampoteza. Na huo mtindo wa "bei njoo inboksi" sijui nani alituletea. Unamficha mteja kitu anachokitaka kuliko vyote, kisha tunashangaa hanunui.

Hesabu sasa. Hukunitajia faida, kwa hiyo tuseme kila kopo linakuachia shilingi 1,200 ukishatoa karanga, kopo, lebo, umeme na usafiri. Kurudisha milioni moja na nusu unahitaji kuuza makopo 1,250 ya ziada, yaani ambayo usingeyauza bila staa. Hayo ni mauzo yako ya miezi mitatu na zaidi. Unaweza kujitetea kwamba mteja mpya hanunui mara moja, na ni kweli: akinunua makopo sita kwa mwaka, unahitaji wateja wapya kama 210 wanaobaki. Siyo idadi ya kutisha. Lakini wanaobaki huletwa na ladha na kupatikana, na vyote viwili havimo kwenye mkataba wa kijana.

Neno "ya ziada" usiliache lipite. Wauza matangazo watakuonyesha idadi ya waliolaiki na waliobofya, na watajihesabia kila kopo lililouzwa wiki ile. Kampuni ya eBay ilikuwa ikilipia jina lake litokee juu mtu anapolitafuta kwenye intaneti, na taarifa zilionyesha wanunuzi wengi wakipitia hapo. Wachumi wake walipozima matangazo hayo kwa majaribio, waligundua kwamba karibu wote waliokuwa wakibofya tangazo waliingia tu kupitia kiungo cha kawaida cha bure kilichokuwa chini yake. Walikuwa wanakuja hata hivyo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Kama kampuni yenye wachumi na kompyuta zote zile ililipia wateja ambao tayari walikuwa mlangoni, wewe na daftari lako mnahitaji tahadhari.

Ila daftari linatosha. Chagua kata mbili zinazofanana kwa mauzo yako, mfano Kihonda na Bigwa. Moja itangazie, nyingine iache kama ilivyo. Andika kila duka linaagiza makopo mangapi kabla na baada, kwa wiki kadhaa, na hesabu hasa maagizo ya mara ya pili, maana agizo la kwanza mangi anaweza kulichukua kwa kukuonea haya. Ikipanda kote kuwili, ni msimu au shule zimefunguliwa. Haikuwa kazi ya tangazo.

Hiyo hela ungeifanyia nini badala yake? Sehemu iende kwenye lebo na jina. Sehemu iende kwa wenye maduka: kopo moja la bure lililofunguliwa, la mangi na familia yake, kwa sababu mtu aliyeonja anajibu tofauti akiulizwa "ipi nzuri?". Mwombe akuweke usawa wa macho karibu na dirisha, na umpe sababu ya kufanya hivyo, hata kama ni shilingi mia mbili zaidi ya anazopata kwa mpinzani wako. Jumamosi uweke meza ya kuonjesha Soko la Chifu Kingalu, mkate umekatwa vipande vidogo, kopo la kifuniko cha njano limesimama mbele. Rekodi sauti fupi ya kurudia kwenye spika kama wafanyavyo Wamachinga: jina, bei, kifuniko cha njano, basi. Wanaozidharau spika zile hawajatazama jinsi mtoto wa miaka minne anavyozikariri njia nzima hadi nyumbani. Ukipata nafasi ya redio ya mkoani, nunua matangazo mafupi mengi ya wiki nyingi kuliko kipindi kimoja kirefu cha mahojiano. Na ubakize akiba. Wengi humaliza bajeti yote mwezi wa kwanza, kisha hunyamaza mwaka mzima, wakati kumbukumbu ya mteja nayo inachakaa taratibu.

Tumebakiza yale maneno ya kijana, na hapa sitakuwa mpole. "Inaongeza akili kwa watoto" yanapiga pale mama anapoogopa. Mbinu hiyo ni ya zamani na inafanya kazi vizuri mno. Listerine ilikuwa dawa ya kuua vijidudu. Miaka ya 1920 kampuni yake ikaanza kuwaambia Wamarekani kwamba wananuka mdomo bila kujijua, kwamba marafiki wanawaficha, kwamba binti hataolewa. Mauzo yakapanda sana. Aibu iliuzwa kwanza, dawa ikafuata. Ukiweza kuishi na hilo ni juu yako, lakini madai ya akili na damu, ambayo yakirudiwa watu watayaona ya kweli, huwezi kuyathibitisha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019, baada ya kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Wakikuuliza ushahidi wa hiyo akili, staa hatakuwepo.

Na unacho cha kweli cha kusema, nashangaa hamkukiona. Bidhaa yako ni karanga, na karanga zina adui anayeitwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kina mama wengi wanaonyonyesha au wenye watoto wa uji wamesikia habari zake kliniki. Je, unachambua karanga zako kwa mkono, unatupa zilizonyauka na zenye ukungu? Umepima maabara? Kama ndiyo, lebo iseme hivyo kwa sentensi moja, na alama ya TBS iwe inaonekana. Kama bado, basi kipimo hicho ndicho matumizi ya kwanza ya ile milioni na nusu, kabla ya bango lolote. Ukishatangaza sana, watu wengi zaidi watafungua kopo lako, na kopo moja lenye ukungu litasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp haraka kuliko posti ya staa yeyote.

Kijana usimfukuze, anajua kuongea na anajua watu. Mwambie alipwe kwa kopo: kila agizo la duka jipya atakalolileta Morogoro, likirudiwa mara ya pili, ana fungu lake. Akikubali, andikishaneni, na mstari wa akili na damu ufutwe kabla hamjasaini.